Sura ya Sita: Bei ya Usafi

Chukua tani moja ya mbao za msindano zilizokaushwa mpaka zisibaki na maji. Ndani yake mna takriban kilo 390 za selulosi, kilo 270 za lignini, kilo 300 za hemiselulosi na sukari nyingine za jamii hiyo, na kilo 40 hivi za utomvu, mafuta na vitu vidogovidogo. Zipike mbao hizo kwa dawa kali, kama viwanda vya karatasi vinavyofanya, kisha uoshe kilichobaki na ukipime upya. Utapata kilo 470 hivi za nyuzi za rangi ya kahawia: kilo 350 za selulosi, kilo 90 za hemiselulosi, na kilo 30 za lignini. Hesabu hii inatuonyesha mambo mawili ambayo vitabu vya shule huyapita haraka. La kwanza ni kwamba lignini haijaisha. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba selulosi yenyewe, ile tuliyokuwa tunaitafuta, imepungua kwa kilo 40, yaani moja ya kumi, na bado lignini imo. Mpishi angeweza kuongeza saa moja au mbili ili amalizie zile kilo 30. Hafanyi hivyo, kwa sababu kila kilo ya mwisho ya lignini ingeondoka na selulosi nyingi kuliko iliyotangulia. Hoja ya sura hii ni kwamba ufundi wa kutenganisha vitu hivi viwili, tangu ulipoanza maabara mpaka ulipoingia viwandani, umekuwa ufundi wa kujua pa kuishia. Usafi una bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa kwa selulosi yenyewe.

Ili kuona kwa nini bei hiyo haikwepeki, tuutazame mti ulivyojengwa. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Katika mti ulio hai mnyororo mmoja huweza kuwa na pingili elfu kumi hivi, na minyororo hiyo hulala sambamba na kushikana mpaka ikawa uzi mgumu. Hemiselulosi ni minyororo mifupi yenye matawi inayouzunguka uzi huo. Lignini ndiyo inayojaza nafasi zilizobaki. Haina umbo la mnyororo: mti huiunda kutokana na molekuli ndogo za aina tatu, kila moja ikiwa na pete ya kaboni sita, nazo huungana kwa njia nyingi tofauti mpaka ukatokea mtandao usio na mwanzo wala mwisho unaoonekana. Mtandao huo ndio unaouwezesha mti kusimama wima, kupitisha maji kwenye mishipa yake bila kuvuja, na kuwashinda wadudu na vimelea wengi. Lakini lignini haikumwagwa tu juu ya selulosi kama rangi juu ya ukuta. Imefungamana na hemiselulosi kwa vifungo vya kikemia, na hemiselulosi nayo imeikumbatia selulosi. Kuitoa humo hakufanani na kupepeta, ambako pumba huruka na punje hubaki nzima. Dawa yenye nguvu ya kuvunja vifungo vya lignini ina nguvu pia ya kuifikia selulosi iliyo pembeni yake.

Mkemia wa kwanza kulichambua jambo hili kwa vipimo alikuwa Mfaransa Anselme Payen. Mwaka 1838 alichukua mbao za miti mbalimbali, akazitia katika asidi ya nitriki, kisha akaziosha kwa alkali. Kila mara kilichobaki kilikuwa kitu kilekile, cheupe, chenye uwiano uleule wa elementi kama wanga: kaboni ilikuwa karibu asilimia 44. Mbao zenyewe zilikuwa na kaboni karibu asilimia 50. Payen akafikia uamuzi ambao leo unaonekana wa kawaida lakini wakati ule ulikuwa mpya: mbao si kitu kimoja. Kuna uzi, ambao ndio ulipewa jina la selulosi, na kuna kitu kingine chenye kaboni nyingi kilichougandia. Ushahidi wake ulikuwa mzuri, ila tuangalie ulipatikanaje. Asidi ya nitriki haikuiacha selulosi salama. Ilikata minyororo yake na kuigeuza baadhi. Payen hakujali kiasi kilichopotea, kwa kuwa alikuwa anatafuta maarifa na gramu chache zilimtosha. Baadaye Msweden Peter Klason alikwenda upande wa pili. Alitumia asidi ya salfuriki ya asilimia 72, inayoyeyusha sukari zote za mbao na kuacha unga mweusi wa lignini. Njia hiyo inatumika hadi leo kupima lignini, na kila anayeitumia anajua kwamba unga ule umebadilika na hauko tena kama ulivyokuwa mtini. Kila mmoja wao alikipata alichokitaka kwa kukiharibu kingine, na hata alichokipata hakikutoka salama. Maabara inaweza kuvumilia hasara ya namna hiyo. Kiwanda kinachonunua mbao kwa tani hakiwezi.

Viwanda viliingia kwenye swali hili kwa sababu ya njaa ya karatasi. Kwa karne nyingi karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na kufikia karne ya 19 matambara hayakutosha. Njia ya kwanza ya kutumia mbao haikuondoa lignini hata kidogo: mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alibuni mashine ya kusaga mbao kwa jiwe. Njia ya kusaga huhifadhi karibu asilimia 95 ya mbao, na kwa upande wa uchumi wa malighafi hakuna inayoishinda. Kasoro yake kila msomaji wa magazeti ameiona: gazeti likiachwa juani siku chache hugeuka manjano na kukakamaa, kwa kuwa lignini iliyomo humeng'enywa na mwanga na hewa. Mwaka 1851 Charles Watt na Hugh Burgess nchini Uingereza wakajaribu kuipika mbao katika kostiki soda. Lignini ilitoka, lakini soda ilikuwa ghali na ilikula nyuzi vibaya. Mwaka 1867 Mmarekani Benjamin Tilghman akapata hataza ya njia ya asidi, kwa kutumia chumvi za salfa na kalsiamu. Nyuzi zake zilikuwa nyeupe na laini, ila mitungi iliyotandikwa risasi ndani ilivuja na yeye akashindwa kuifanya biashara. Msweden Carl Daniel Ekman ndiye aliyeifanikisha kiwandani, huko Bergvik, mwaka 1874. Kisha mwaka 1879 Carl Ferdinand Dahl, akiwa Danzig, alitafuta kitu cha bei nafuu cha kufidia soda iliyokuwa ikipotea, akatia salfeti ya sodiamu kwenye tanuru. Humo iligeuka salfaidi, na salfaidi ikawa ndiyo dawa aliyokuwa akiihitaji bila kujua: lignini ilitoka upesi zaidi, na nyuzi zikatoka imara kuliko zote zilizotangulia. Tukizipanga mbinu hizi kwa mwaka, tunaona kwamba kila iliyoshinda ilishinda kwa kuihurumia selulosi zaidi au kwa kupunguza gharama. Hakuna iliyoshinda kwa kuiondoa lignini yote.

Mbinu ya Dahl ndiyo inayotawala duniani mpaka leo, kwa hiyo inafaa kuitazama kwa karibu. Magogo huondolewa magome na kukatwa vipande vya sentimita mbili au tatu kwa urefu na milimita chache kwa unene. Unene ndio muhimu, maana dawa ikishindwa kufika katikati, nje kutaiva na ndani kutabaki kibichi. Vipande hupigwa mvuke ili hewa itoke, kisha huzamishwa katika maji ya kostiki soda na salfaidi ya sodiamu ndani ya mtungi mkubwa wa chuma unaohimili shinikizo. Joto hupandishwa taratibu hadi nyuzi 170 hivi. Salfaidi huvunja vifungo vya oksijeni vinavyounganisha pingili za lignini, na kila kifungo kinapovunjika huzaliwa ncha mpya inayoyeyuka katika alkali. Mtandao hukatika vipande, vipande huyeyuka, na maji hugeuka meusi kama lami. Wakati huohuo alkali ileile iko kazini kwenye selulosi. Huanzia ncha ya mnyororo na kubandua glukosi moja baada ya nyingine, na joto linapokuwa kali hukata mnyororo katikati, na kila mkato huzaa ncha mpya ya kubanduliwa. Mapishi haya yana hatua tatu zinazojulikana vizuri. Mwanzoni, joto likiwa bado linapanda, lignini kidogo hutoka na hemiselulosi nyingi hupotea. Katikati lignini hutoka kwa kasi na selulosi hubaki karibu salama. Hapa ndipo kiwanda hupata faida yake. Mwishoni, lignini ikiwa imebaki moja ya kumi hivi, kasi hushuka ghafla, kwa kuwa iliyobaki ni ile yenye vifungo vya kaboni kwa kaboni ambavyo salfaidi haiviwezi, lakini kubanduka kwa selulosi kunaendelea kama kawaida. Kuanzia hapo kila dakika ni hasara, na anayetaka kumalizia atajifunza kwa vitendo kwamba mtaka yote hukosa yote.

Ndiyo maana zana muhimu zaidi katika kiwanda cha namna hii ni ile ya kumwambia fundi aache sasa. Mtungi umefungwa na ndani hapaonekani, kwa hiyo fundi hutegemea hesabu kabla na kipimo baadaye. Hesabu ilitolewa mwaka 1957 na Vroom, mtaalamu wa Kanada, aliyeunganisha muda na joto katika namba moja, ili mapishi ya joto la juu kwa muda mfupi yalinganishwe na ya joto la chini kwa muda mrefu. Kipimo nacho kinapendeza kukitazama. Fundi wa maabara hupima kiasi kidogo cha rojo, yaani nyuzi zilizopikwa na kuoshwa, hulivuruga ndani ya maji mpaka nyuzi zitawanyike, kisha humimina kiasi kamili cha potasiamu pamanganeti pamoja na asidi ya salfuriki. Chombo kizima hugeuka zambarau iliyokolea. Lignini huanza kuila pamanganeti. Selulosi karibu haiigusi. Dakika kumi zikitimia hutia ayodaidi, zambarau hufutika na mahali pake hukaa kahawia ya ayodini. Hapo hudondosha thaiosalfeti tone baada ya tone, na karibu na mwisho huongeza wanga kidogo, maji yakawa ya buluu nzito. Tone moja zaidi, na buluu hutoweka. Mililita za pamanganeti zilizoliwa na gramu moja ya rojo kavu huitwa namba ya kappa, na ukiizidisha namba hiyo kwa 0.15 unapata kwa kukadiria asilimia ya lignini iliyobaki. Kipimo hiki kiliundwa ili kupima kilichobaki. Watu wa fani hii wanachukulia tangu mwanzo kwamba kitu kitabaki, na swali lao ni kiasi gani.

Jibu la swali hilo hutegemea matumizi. Karatasi ngumu ya nje ya boksi huachwa na kappa inayokaribia 100, yaani lignini asilimia 15 hivi, kwa kuwa boksi linahitaji ukakamavu na hakuna anayejali rangi yake. Karatasi ya mfuko wa saruji hushushwa zaidi, kwenye 40 au 50, kwa kuwa mfuko unatakiwa kunyumbuka unapoangushwa. Rojo litakalopaushwa kuwa karatasi nyeupe ya kuandikia huishia karibu na 30 kwa misindano, na kati ya 15 na 20 kwa mikaratusi na miti mingine ya majani mapana. Tofauti hiyo ya mwisho nayo inatokana na lignini. Ile ya misindano ina nafasi wazi kwenye pete zake inayoruhusu vifungo vya kaboni kwa kaboni. Ile ya mikaratusi nyingi ya nafasi hizo zimezibwa, kwa hiyo hukatika kirahisi. Mtu anayepita Mgololo, wilayani Mufindi, ambako kiwanda hupika miti ya misindano kutoka mashamba ya Sao Hill, anaweza kudhani karatasi ya kahawia ni karatasi nyeupe ambayo haikumaliziwa. Ukweli ni kwamba imemaliziwa kwa kazi yake. Kuipunguzia lignini zaidi kungemaanisha kuvuna miti mingi zaidi kwa idadi ileile ya mifuko.

Tukiendelea hadi kwenye upaushaji, hoja hii inapata ushahidi wa aina nyingine. Kwa miongo mingi lignini iliyobaki iliondolewa kwa gesi ya klorini, na kwa vipimo vya ndani ya kiwanda klorini ilikuwa dawa bora: ilikuwa rahisi, na ilishambulia lignini huku ikiiacha selulosi karibu salama. Ilionekana kana kwamba hatimaye usafi umepatikana bure. Katikati ya miaka ya 1980 ikabainika kwamba bei ilikuwa imehamishiwa mtoni. Klorini iliyoungana na vipande vya lignini ilizaa michanganyiko mingi yenye sumu, ikiwemo dioksini, nayo ilikutwa kwenye samaki katika mito inayopokea maji ya viwanda vya karatasi. Sekta nzima ikalazimika kubadilika na kuhamia klorini dioksaidi, oksijeni, ozoni na haidrojeni peroksaidi. Oksijeni ilikuwa imeshatangulia, na ilitangulia barani Afrika: kiwanda cha kwanza duniani kuitumia kibiashara kuondoa lignini kilikuwa Enstra, katika mji wa Springs nchini Afrika Kusini, mwaka 1970. Humo rojo la kahawia huchanganywa na alkali na oksijeni chini ya shinikizo, pamoja na chumvi kidogo ya magnesiamu ya kuilinda selulosi. Hata hivyo njia hii huondoa nusu tu ya lignini iliyobaki. Ukiilazimisha kupita hapo, nyuzi hudhoofika, na ile magnesiamu haitoshi kuziokoa. Dawa imebadilika kabisa, na bado ukuta uko palepale.

Msomaji makini ana haki ya kupinga hapa. Atasema: kuna bidhaa zinazohitaji selulosi safi kwelikweli, na dunia inazitengeneza kila siku. Ni kweli. Mwaka 1892 Waingereza Cross, Bevan na Beadle walipata hataza ya viskosi, ambayo ni selulosi inayoyeyushwa na kuvutwa tena kuwa uzi wa nguo. Kwa kazi hiyo lignini lazima iondoke karibu yote, na hemiselulosi nayo iondoke. Huko Umkomaas, pwani ya KwaZulu-Natal, kiwanda cha Saiccor kimekuwa kikitengeneza rojo la aina hiyo kwa mikaratusi tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa vikubwa duniani. Lakini tuangalie gharama. Mbao inayotoa asilimia 47 ya rojo la kahawia hutoa kati ya asilimia 30 na 40 hivi ya rojo la viskosi. Zaidi ya hapo, mnyororo wa selulosi hufupishwa kwa makusudi, maana mrefu mno hufanya mchanganyiko uwe mzito usiopita kwenye matundu ya kuvutia uzi. Mtengenezaji wa viskosi amekubali kulipa bei yote kwa sababu nguo inamrudishia. Na hata kipimo chake cha usafi ni mpaka uliowekwa na watu: selulosi inayohesabiwa kuwa bora ni ile isiyoyeyuka katika kostiki soda ya asilimia 17.5. Ukibadilisha asilimia hiyo, kiasi cha selulosi safi nacho kinabadilika, ilhali rojo ni lilelile. Anayesema kuna njia rahisi zaidi, yaani pamba, yuko sahihi pia. Uzi wa pamba ni selulosi kwa zaidi ya asilimia 90 bila kupikwa, kwa kuwa haukuwa na lignini ya maana tangu mwanzo. Hilo linaithibitisha hoja: usafi ni nafuu pale tu ambapo hapakuwa na kitu cha kuondoa, na pamba nayo ina bei yake ya ardhi, maji na dawa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu linatoka kwa wakemia wenyewe. Wanasema tatizo ni dawa zetu za karne ya 19. Pombe iliyochanganywa na maji huyeyusha lignini kwenye joto, na lignini hiyo hutoka safi, haina salfa. Theodor Kleinert aliitangaza njia hii tangu miaka ya 1930. Siku hizi kuna pia chumvi zinazobaki majimaji hata kwenye joto la kawaida, ambazo huyeyusha lignini bila kuikatakata sana selulosi. Katika gramu chache matokeo yake yanavutia, na hakuna sababu ya kuyabeza. Hata hivyo njia ya pombe ilishajaribiwa kwa kiwango kikubwa huko New Brunswick, Kanada, kwa jina la Alcell, na mtambo ukasimama kabla ya miaka ya 1990 kuisha. Ili kuelewa kwa nini njia mpya zinapata shida kuing'oa ya zamani, ni lazima tuangalie yale maji meusi yanayotoka kwenye mtungi. Huko ndiko uchumi wa kazi yote ulikojificha.

Maji hayo yana nusu ya mbao yote, pamoja na karibu dawa yote. Yakioshwa kutoka kwenye nyuzi yanakuwa mepesi, na mvuke hutumika kuyapunguza maji mpaka yawe mazito kama asali. Miaka ya 1930 mhandisi wa Kanada, G. H. Tomlinson, alikamilisha boila inayoyachoma. Lignini huwaka na kutoa mvuke wa kuendesha mitambo na kufua umeme. Dawa hushuka chini ikiwa imeyeyuka kwa joto, ikiwa mchanganyiko wa magadi na salfaidi. Magadi ni yaleyale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Yakitiwa chokaa, hugeuka tena kuwa kostiki soda, na chokaa iliyochoka huchomwa tanuruni na kurudishwa kazini. Zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu hurudi kwenye mtungi, na kiwanda cha kisasa cha namna hii huweza kujitosheleza kwa nishati na kuuza umeme wa ziada. Kwa hiyo mshindani wa mbinu hii hatoshindana na mtungi peke yake. Atashindana na mzunguko mzima, ambao lignini yake inalipia joto, umeme na dawa. Anayetumia pombe lazima aikamate karibu yote. Anayetumia chumvi ghali lazima aikamate yote kabisa, kwa kuwa hasara ya asilimia moja katika kila mzunguko humaliza faida. Siku atakayefaulu atakapopatikana, atakuwa amepata namna mpya ya kulipa, na itabidi tuikague hesabu yake kama tulivyoikagua ya wengine.

Wapo watakaosema kwamba kuchoma lignini ni kuiteketeza mali. Mfano wanaoupenda ni wa Borregaard, huko Sarpsborg nchini Norwei, ambako vanilini, ile harufu ya vanila kwenye biskuti na aiskrimu, imekuwa ikitengenezwa kwa lignini tangu miaka ya 1960. Mfano ni wa kweli, lakini haja ya dunia ya vanilini ni ndogo mno ukiilinganisha na milima ya lignini inayotoka viwandani. Viwanda kadhaa sasa hutumia kaboni dioksaidi kuigandisha sehemu ya lignini kutoka kwenye maji meusi na kuiuza, na hilo lina busara hasa pale boila inapokuwa imezidiwa. Kuitoa yote, hata hivyo, ni kununua kuni za kuziba pengo lake. Lililo zito kuliko mali inayochomwa ni bei wanayolipa majirani. Salfaidi inapokutana na lignini huzaa gesi ambazo pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chache sana, zenye harufu ya mayai viza na kabichi iliyooza. Waliowahi kuishi Webuye, kando ya mto Nzoia, wakati kiwanda cha Pan Paper kilipokuwa kikifanya kazi kuanzia 1974 hadi 2009, hawahitaji kuelezwa. Gesi hizo zinaweza kukusanywa na kuchomwa, na viwanda vinavyosimamiwa vizuri hufanya hivyo. Zisipokusanywa, maana yake ni kwamba sehemu ya bei ya usafi imeandikwa kwenye daftari la mtu ambaye hakuagiza karatasi.

Ushahidi wa mwisho unatoka kwa watafiti ambao hawakuwa wakitafuta karatasi. Mwaka 2018 kundi la Liangbing Hu wa Chuo Kikuu cha Maryland lilichapisha matokeo katika jarida la Nature. Walichemsha vipande vya mbao katika kostiki soda na salfaiti ya sodiamu, kisha wakavibana kwa joto mpaka vikawa vyembamba na vizito. Nguvu ya kuhimili mvuto iliongezeka zaidi ya mara kumi. La maana kwetu ni kiasi walichoondoa: matokeo bora yalikuja lignini ilipotolewa karibu nusu tu. Walipoitoa yote, mbao haikubanika vizuri na nguvu zikashuka. Miti yenyewe inasema lilelile. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani walitangaza mti wa aspeni uliorekebishwa vinasaba, wenye lignini pungufu kwa asilimia 45 na selulosi iliyoongezeka kwa asilimia 15, na matumaini yakawa makubwa. Lakini mimea inayopunguziwa lignini kupita kiasi huonyesha dosari inayojulikana: mishipa ya maji hufinyika kwa mvuto wa maji yanayopanda, na mmea hudumaa. Tukihamisha kazi kutoka mtungini kwenda shambani, swali linabaki lilelile la kiasi gani kiachwe.

Hoja hii ina faida ya moja kwa moja kwa nchi zetu, ambako misindano na mikaratusi inapandwa kwa wingi na mazungumzo ya viwanda vipya hayaishi. Mradi wa karatasi au wa nyuzi za nguo unapoletwa mezani, sifa ya kwanza kutajwa huwa weupe au ubora wa bidhaa. Maswali ya kuuliza ni mengine. Mapishi yataishia kappa ngapi, na kwa matumizi gani? Kila tani ya mbao itatoa kilo ngapi za rojo, yaani ni hekta ngapi za msitu zitavunwa kwa mwaka? Ni asilimia ngapi ya sodiamu na salfa itarudishwa, na isiyorudi itakwenda mto upi? Gesi zitakusanywa kuanzia siku ya kwanza, au baada ya malalamiko? Maswali haya yote yana majibu ya namba, na mhandisi yeyote wa fani hii anaweza kuyajibu kabla jiwe la msingi halijawekwa. Kiwanda kinachotaja weupe wa karatasi yake bila kutaja namba hizo kimetutajia bidhaa na kuficha bei.